Jino Halishauriki

Makumira, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, kuna chuo kikuu kilichokua kutokana na chuo cha theolojia cha Walutheri. Mwaka 1525 Martin Luther mwenyewe aliandika kitabu kizima kumpinga mwanazuoni Erasmus, akidai kuwa utashi wa mwanadamu umefungwa mbele ya Mungu (ingawa katika mali na mambo yaliyo chini yake alimwachia hiari kidogo). Siku hizi kamba imeshikwa na fizikia: ikiwa kila atomu ya ubongo hufuata kanuni, uamuzi wako ulikwishapangwa kabla hujazaliwa. Hoja hiyo inatisha, lakini inachanganya mambo mawili, kufuata kanuni na kutosikia hoja, na maji ya huko huko, chini ya Mlima Meru, yanatosha kuyatenganisha.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, na vijito na visima kadhaa vya eneo la Arumeru huvuka kwa mbali ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya utu uzima yangali yanajijenga ndani ya taya, gamba la jino huharibika, na baada ya kuchomoza jino hupata madoa ya kahawia. Jino halishauriki. Mama wa mtoto hushaurika: akielezwa chanzo cha madoa, anaweza kuyapitisha maji ya kunywa kwenye chujio la mkaa wa mifupa, mbinu iliyofanyiwa utafiti Ngurdoto, ambapo madini ya mfupa uliochomwa huinasa floraidi. Ubongo wa mama nao ni kemia, wala haukuvunja kanuni yoyote. Ila kemia yake imejengeka kwa namna ambayo hoja ikiingia, mwenendo hubadilika. Uwezo huo ndio ninaouita hiari, na sioni kwa nini uhitaji kuikimbia fizikia.

Kuipinga hiari hiyo, wapo watakaomleta mtafiti wa ubongo Benjamin Libet, aliyeonyesha mwaka 1983 kuwa ubongo huanza kujiandaa kama theluthi ya sekunde kabla mtu hajahisi nia ya kusogeza mkono. Lakini mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kuwa maandalizi hayo yanaweza kuwa mawimbi ya kawaida ya ubongo, yanayopanda na kushuka ovyo, na yakaonekana kama mpango kwa sababu tu yamepimwa kuanzia tendo kurudi nyuma. Isitoshe, kusogeza mkono bila sababu si kuchagua maji ya mtoto. Nao wanaoitetea hiari kwa kukimbilia bahati nasibu ya chembe ndogo za maada hawasaidii kitu. Anayetenda kwa bahati nasibu hayuko huru kuliko anayesukumwa.

Pingamizi zito ni hili: mama hakuchagua kuelezwa, wala kuzaliwa na akili ya kuelewa. Kweli. Kwa hiyo hiari ina viwango, na haiishii ndani ya fuvu. Jirani yake anaweza kuelewa vilevile, akapima hoja vilevile, kisha akachota kijitoni kwa kuwa hana chujio wala fedha ya bomba. Atakayetafuta tofauti ya uhuru wao katika atomu za bongo zao hataiona. Iko kwenye ndoo.