Pikapu ya Land Cruiser ya zamani: ujue aina yake mbele ya kutoa pesa

Bukavu, Butembo ao Bunia, nani hajui pikapu ya Land Cruiser? Inabeba viazi, inabeba wagonjwa, inapita matope kwenye gari zingine zinalala. Lakini mwenye kuuza akikuambia tu "hii ni Land Cruiser, iko nguvu", bado hajakuambia kitu. Kuna aina tatu za zamani zinazofanana kwa mbali, na piesi zake nyingi haziingiliane. Ukikosea, utalipa mara mbili.

Ya kwanza ni 45 na ndugu yake 47. Toyota iliacha kuzitengeneza mwaka 1984. Pua yake ni nyembamba, taa mbili za mviringo zimekaribiana. Gardebu, lile bati la juu ya gurudumu, iko chini kuliko kapo.

Ya pili ni 75, iliyotoka mwisho wa 1984 hadi 1999. Pua imepanuka, gardebu imepanda karibu na kapo. Gurudumu linafungwa na buloni 6. Resori zote, mbele na nyuma, ni za lame.

Ya tatu ni 79, iliyoanza 1999. Mpaka 2007 ilibaki na taa za mviringo, ndiyo maana watu wanaichanganya na 75. Wewe hesabu buloni za gurudumu: ni 5. Kisha inama uangalie chini, upande wa mbele: resori si za lame tena, ni za kuzunguka. Tena shasi yake ni ndefu kidogo: kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kumeongezeka sentimita 20.

Sasa fika kwenye motere, sababu hapo ndipo wengi wanaumia. Soma herufi za kibati: FJ ni motere ya esanse, HJ na HZJ ni za mazutu. HJ75 na HZJ75 zina kabini moja, kwa macho huwezi kuzitenganisha. Lakini HJ75 ina motere 2H, inayozungushwa ndani na gia za chuma. HZJ75, iliyokuja 1990, ina 1HZ, yenye mkanda wa distribisyo. Mkanda ule unazeeka. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni, na motere inakufa barabarani. Kama huna uhakika ulibadilishwa lini, ubadilishe kwanza, ndipo upakie mizigo.

Mwisho, usiamini kabini peke yake. Gari za miaka hiyo zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi: kabini ya moja, motere ya ingine. Namba ya shasi imegongwa kwenye chuma cha shasi, mbele, upande wa kuume. Futa matope, uisome wewe mwenyewe, uilinganishe na karte roze. Kama hazifanane, rudisha pesa mfukoni, hata kama bei ni tamu.