Rimiksi ya benga la Ukambani: haki ni ya nani?

Kitui na Makueni ni majirani zetu wa karibu kuliko tunavyodhani. Ukishika barabara ya Nairobi kutoka Mombasa, ukifika Mtito Andei tayari uko Makueni. Wakamba nao wameishi nasi Mombasa kwa vizazi, na muziki wao tumeuzoea. Leo nataka kueleza kazi moja ya vijana wa huko, ya DJ anayetengeneza rimiksi, na kwa nini naona wengi wanaweza kupoteza jasho lao.

Tutofautishe kwanza. DJ wa kawaida huchagua nyimbo na kuziunganisha ili ngoma isikatike. Mtengenezaji wa rimiksi huenda mbali zaidi. Huchukua wimbo uliopo, akatenga sauti ya mwimbaji au gitaa kwa programu ya kompyuta, akaongeza ngoma na besi za kielektroniki, akabadilisha mwendo. Wimbo unatambulika, lakini si ule ule.

Benga la Kikamba linafaa sana kwa kazi hii. Mwimbaji huanza kwa kusimulia kisa, kisha maneno hupungua, magitaa yakashika kasi na watu wakainuka kucheza. DJ anakitaka kipande hicho cha mwisho. Akikirefusha na kukitia mdundo wa klabu, hata asiyejua neno la Kikamba atacheza.

Kijana wa Wote, Kibwezi au Mwingi huanza na harusi na sherehe za mtaani. Baadaye hutafuta klabu ya kudumu, husambaza kazi zake kwenye matatu na YouTube, na akibahatika husikika kwenye redio ya Kikamba kama Musyi FM. Riziki yake kubwa hutoka kwa kualikwa, kwa hiyo jina ndilo mtaji wake.

Tatizo ni kwamba ruhusa ya kupiga wimbo ukumbini si ruhusa ya kuubadilisha. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, wimbo mmoja una haki kadhaa: ya mtunzi, ya walioimba na kupiga ala, na ya mwenye rekodi.

Chukua mfano wa Kakai Kilonzo, kiongozi wa Kilimambogo Brothers, aliyeimba kwa Kikamba na Kiswahili. Alifariki 1987. Sheria hulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo, kwa hiyo nyimbo alizotunga zina mwenyewe hadi mwisho wa 2037. Rekodi huhesabiwa kivyake, miaka 50 tangu mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya 1975 ulinzi wake unaishia mwisho wa 2025, lakini utunzi uliomo ndani bado unalindwa. Anayedhani wimbo wa zamani ni wa bure anajidanganya.

Hasara huja kimya kimya. Mfumo wa YouTube ukiitambua rekodi, mapato yanaweza kwenda kwa mdai, au video ikafungwa. Kampuni ikitaka mdundo wako kwa tangazo, itauliza karatasi kwanza. Na upande wa pili kuna familia ya mpiga gitaa, inayosikia wimbo wa baba yao kila Jumamosi bila kupata hata shilingi.

Kuna njia bora. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU, ni msanii wa muziki wa kielektroniki. Babu yake wa jina hilo hilo alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki 2018, na mjukuu amezitoa upya rekodi zake kwenye intaneti. Si kila DJ ana babu kama huyo, lakini kila DJ anaweza kuitafuta familia ya mtunzi, kukubaliana mgao kwa maandishi kabla ya kutoa kazi, kisha kusajili rimiksi yake KECOBO.

Sisi Wapwani tuna somo letu. "Malaika", aliyoirekodi Fadhili William, imeimbwa duniani kote, na bado watu wanabishana nani aliitunga. Kesho kijana wa Kisauni atataka kufanya rimiksi ya taarab ya zamani, na maswali yatakuwa hayo hayo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki nao ni mali, na mzazi mwenye mtoto anayeshinda kwenye kompyuta akitengeneza midundo amwambie hivyo mapema.