Kabla Hujafungasha Virago

Anayetaka kuvunja ndoa Tanzania Bara mara nyingi hukimbilia mahakamani, akaulizwa pale pale: cheti cha Baraza kiko wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la dini. Baraza halitoi talaka wala haligawi mali, ingawa yapo yanayojitwika kazi hiyo. Linasuluhisha, likishindwa, linaandika kwamba limeshindwa.

Kisome cheti hicho hapo hapo, kabla hujatoka barazani. Kama hakisemi waziwazi kwamba usuluhishi umeshindikana, shauri linaweza kuja kutupwa hata kwenye rufaa, nauli na miaka vimeshakwenda. Tena kina muda wake: ombi la talaka lifunguliwe ndani ya miezi 6 tangu kitolewe. Ipo misamaha. Hakihitajiki, kwa mfano, kama mwenzako ametokomea na hujui aliko, au aliitwa barazani akakataa kwenda. Na ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 inahitaji ruhusa ya mahakama kwanza.

Waislamu wengi hudhani talaka ikishatamkwa au kuandikwa, kazi imekwisha. Kidini huenda ikawa hivyo. Kwa sheria ya nchi, talaka hiyo ni ushahidi mzito ambao, pamoja na cheti cha Baraza, unamwezesha hakimu kutamka kuwa ndoa imevunjika. Bila tamko la mahakama, ugawaji wa mali unakosa pa kusimamia.

Kwenye mali ndiko watu wanakoumia. Mahakama hugawa mali iliyochumwa wakati wa ndoa kwa juhudi za wote wawili, na kila mmoja huonyesha alichochangia. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hukumu hiyo hutajwa kila kukicha. Kisichotajwa sana ni kwamba Bi. Hawa mwenyewe hakuambulia kitu: Mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia alizitapanya, kwa hiyo fungu lake alikuwa ameshalichukua. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni nusu kwa nusu. Hakimu anapima, na anapima kilicholetwa mbele yake.

Basi kusanya ushahidi mapema, mkingali mnaongea: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala ya hati au mkataba wa kununulia kiwanja, risiti za saruji na mabati, taarifa za benki na za miamala ya simu, kumbukumbu za vikoba kama mkopo wako ndio ulioezeka nyumba. Fundi aliyelipwa na wewe ni shahidi mzuri kuliko shangazi anayekupenda.

Nyumba ya ndoa, hata ikiwa kwa jina la mmoja, haiuzwi, haiwekwi rehani wala kupangishwa bila ridhaa ya mwenzake. Ukihisi dalali anazungukazunguka, omba zuio kwa Msajili wa Hati mapema. Kumfukuza mnunuzi aliyekwisha kulipa ni vita nyingine.

Kwa watoto, sheria inadhani aliye chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa. Kinachotazamwa ni maslahi ya mtoto. Baba anayenyimwa kukaa naye bado anadaiwa matunzo, na kumzuia asimwone kwa sababu hajaleta hela hakukusaidii mbele ya hakimu.

Je, mlioishi pamoja bila kufunga ndoa? Mkiwa mmekaa miaka 2 au zaidi na jamii ikiwajua kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawadhania kuwa mmeoana. Dhana hiyo huvunjika mmoja akithibitisha kwamba ndoa haikuwahi kufungwa. Hapo mahakama haitoi talaka, maana hakuna ndoa ya kuvunja, lakini mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na nafuu nyingine. Atahitaji majirani, mjumbe wa nyumba kumi na mwenye nyumba mliyopanga, waje waseme waliwajuaje.