Rundo la Mawe Lenye Sheria Yake

Rundo la mawe kando ya shamba la ufuta huko Likunja, wilayani Ruangwa, halikosi mteja: yupo anayetaka kujenga msingi. Huwezi kumlaumu. Mawe ni mawe mpaka atokee wa kueleza yamefunika nini.

Ndani ya kreta ya Ngorongoro, marundo ya namna hiyo yalikutwa ni makaburi ya wafugaji walioishi kabla chuma hakijafika kwetu. Mary Leakey aliyachimba mwaka 1941. Mabakuli ya mawe na shanga vilizikwa pamoja na wenyewe.

Kubwa lao liko kwa jirani zetu Kenya, Lothagam Kaskazini, magharibi mwa Ziwa Turkana. Miaka 5,000 hivi iliyopita wafugaji walitandaza mawe kufanya jukwaa la upana wa meta 30, wakachimba shimo katikati, wakawa wanazika humo kwa karne kadhaa. Watafiti waliotangaza matokeo mwaka 2018 wanakadiria waliolala humo kuwa 580 au zaidi: wanaume, wanawake, wazee, hata watoto wachanga, na karibu kila mmoja na pambo lake. Maiti mmoja alivikwa kichwani pambo la meno 405 ya panya wa jangwani, waliotegwa si chini ya 113. Sijui nani alikuwa na subira hiyo! Na bwana mkubwa aliyetengewa kaburi lake hayumo. Wasomi waliozoea kudhani kwamba kazi kubwa kama ile lazima iamrishwe na mtawala, hapo walijikuna kichwa.

Yote hayo yalisomwa kwenye mpangilio: nani kalala wapi, jiwe lipi juu ya lipi. Ukishabeba mawe kwenda kujengea, hata makumbusho hayana la kukusaidia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vilivyojengwa na watu kabla ya 1863, makaburi yakiwemo, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa. Wangapi wameisikia? Pori la Nachingwea lilifyekwa kwa matrekta enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Leo ni zamu ya Ruangwa, jirani yake, inayosakwa madini ya kinywe. Kabla tingatinga halijaingia, mtaalamu wa mambo ya kale apite kwanza, akiongozwa na mzee anayelijua pori lile. Mkutano wa kijiji unaojadili ardhi ya mgodi unaweza kulidai hilo siku hiyohiyo, likaandikwa kwenye muhtasari.