Kabla ya Kusikiliza Injini, Lala Chini ya Gari

Barua iliyonifikia kutoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi karibu na Chogoria imenishughulisha wiki nzima. Anasema chama chake cha akiba na mikopo kimemkubalia mkopo ambao atakatwa katika mshahara kwa miaka minne, na kwamba amewekewa mbele yake magari matatu achague moja. La kwanza ni Toyota Probox lililokuwa likibeba miraa kutoka Maua. La pili ni Subaru Impreza la daktari mmoja anayeishi mjini Meru, gari la miaka mingi lakini lililotunzwa. La tatu ni Toyota Axio ambalo bado liko Japani, naye amelionyeshwa kwa picha tu na wakala wa Mombasa. Kisha anaongeza, kwa haya kama ya mtu anayeungama dhambi, kwamba moyo wake umeliangukia lile Subaru, kwani alipolijaribu hadi Nkubu na kurudi hakutamani kushuka.

Wenzake katika chumba cha walimu wamekwisha mhukumu. Toyota haifi, wamemwambia. Subaru ni gari la vijana wasio na watoto. Na mtu mzima hanunui gari kwa sababu ya raha. Mwalimu anauliza kama wana haki.

Naam, wana haki nusu, na nusu hiyo si ile wanayoidhania. Wote, pamoja na mwalimu mwenyewe, wamezungumzia injini, mafuta na jina la kampuni. Hakuna hata mmoja aliyetaja kutu. Hili halinishangazi. Nenda popote yanapouzwa magari katika nchi hii, utamwona mnunuzi akifungua boneti, akiagiza injini iwashwe, akiinamisha kichwa na kusikiliza kwa makini kama tabibu aliyetega sikio kifuani mwa mgonjwa. Ni nadra kumwona akivua koti, akatandaza gunia na kulala chali chini ya gari. Ilhali huko chini ndiko liliko jibu la swali analotaka kuuliza, yaani, je, gari hili litaishi kuupita mkopo wangu?

Injini ikifa hununuliwa nyingine. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi (iliyopewa jina la mlima wetu huu, ingawa wengi wanaofika pale hawaukumbuki mlima bali bei) imejaa injini na giaboksi zilizotolewa katika magari ya Japani, na fundi hodari huibadilisha injini kwa siku chache. Bali magari madogo ya siku hizi hayana fremu iliyo mbali na bodi kama lori lilivyo. Bodi yenyewe ndiyo fremu. Sakafu, mbavu za chini ya milango na mahali zinaposhikilia springi ni kitu kimoja kilichounganishwa kiwandani. Sehemu hizo zikiliwa, hakuna duka linalokuuzia nyingine. Utalehemu leo hapa, kesho pale, na kila kiraka kitashikizwa kwenye bati lililo dhaifu kuliko kiraka chenyewe. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za magari, lakini sijui msemo unaoieleza kutu vizuri kuliko huo.

Watu wa huku mlimani hujifariji kwamba kutu ni maradhi ya Mombasa. Ni kweli kwamba hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kuoza kwa chuma. Hata hivyo kutu haihitaji chumvi ili ianze; yahitaji maji na hewa tu. Upande wa mashariki na wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya, yaani Chuka, Chogoria na Nkubu, ndio unaopata mvua nyingi zaidi, huku upande wa kaskazini kule Timau ukibaki mkavu. Udongo wetu mwekundu nao, ambao kahawa na chai huupenda sana, hunata. Hujibana ndani ya madigadi na juu ya vyuma vya chini, ukavikumbatia kama kitambaa kilicholowa. Gari huoshwa juu likametameta, ilhali chini tope la mwezi wa Aprili lingalipo hadi Juni, bado lina unyevu. Isitoshe, milango na mbavu zake zina vitundu vidogo vya kutolea maji, navyo vikizibwa na tope maji hukaa ndani na kazi ya kutu huendelea usiku na mchana bila mwenyewe kusikia kitu. Kwa hiyo magari mawili ya umri mmoja, moja la Chogoria na moja la Isiolo, hayawi na umri mmoja hata kidogo.

Na ajabu ni kwamba gari laweza kushuka melini likiwa tayari lina ugonjwa huo. Katika sehemu za Japani zenye theluji, kama vile kisiwa cha Hokkaido na pwani ya magharibi upande wa Niigata, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huingia chini ya magari. Sheria yetu hukataza kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi hudhani kuwa hiyo ni kinga ya kutosha. La hasha. Majira manane ya baridi kule Hokkaido ni mengi kwa bati jembamba. Wajapani wenyewe hawafichi jambo hili: katika karatasi ya mnada inayoandamana na gari mna mchoro wenye alama za herufi, na herufi S husimama badala ya neno lao "sabi", maana yake kutu, huku C ikionyesha palipooza. Wakala anayekutumia picha ishirini za viti na taa, asikutumie karatasi hiyo wala picha moja ya chini ya gari, amekwisha kukujibu.

Tusisahau mafundi wetu wa rangi. Sisemi kwamba wote ni wadanganyifu. Wengi ni mabingwa wanaostahili heshima. Lakini uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, na fila iliyopigwa msasa ikapakwa rangi nyeupe inaweza kulificha tundu la ukubwa wa kiganja. Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa kisikwaruze, uipitishe chini ya milango na pembeni mwa madigadi ya nyuma. Isiponata pale panapotakiwa kuwa na bati, hilo si bati. Inua zulia miguuni pa dereva na pa abiria, uguse kama kuna unyevu. Tazama mahali panapokaa jeki kama pamebonyea. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpya inayonukia, ilhali gari lina miaka kumi na miwili, uliza kwa upole ilipakwa lini na kwa nini.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema Toyota haifi. Sifa hiyo haikuokotwa njiani, nami siibishi kwa upande wa injini. Lakini nchini Marekani, mwaka 2008, kampuni hiyohiyo ililazimika kuyashughulikia magari ya Tacoma yaliyotengenezwa kati ya 1995 na 2000 kwa sababu fremu zake zilikuwa zikioza, na mengine iliyanunua kutoka kwa wenyewe kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Mwaka 2016 ikakubali mapatano mahakamani kuhusu fremu za magari yake makubwa, mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Injini za magari hayo hazikuwa na neno. Zingeendelea kunguruma, lakini fremu iliyozibeba ndiyo iliyokuwa ikimeguka.

Hata huo uaminifu wa injini tunaousifu, mimi nauona kuwa ni jambo la ujirani kuliko la kiwanda. Wazee wetu walilisifu Peugeot 504 kwa maneno yaleyale tunayolisifia Toyota leo. Liliunganishwa humu nchini, likabeba abiria kati ya Nairobi na miji ya mashambani kwa miaka, likashinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson na tena mwaka 1978 likiwa na Jean-Pierre Nicolas. Lilikuwa gari imara, waama. Lakini lilikuwa la kutegemewa pia kwa sababu kila fundi aliyekuwa na spana mkononi alilijua kama anavyoujua ua wa nyumba yake, na vipuri vyake vilikuwa dukani. Gari la kutegemewa ni lile ambalo likikwama Chuka saa kumi jioni, utampata mtu wa kulitengeneza kabla ya giza. Kwa kipimo hicho Probox na Axio yanalishinda Subaru, ingawa si kwa umbali ambao wenzake mwalimu wanaudhania, kwani siku hizi mafundi wa Subaru wapo, na mjini Meru hawatafutwi kwa tochi.

Kuhusu raha ya kuendesha, hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na chumba cha walimu. Barabara ya kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru ni ya kona, miteremko na madaraja, kila bonde na mto wake: Thuci, Nithi, Mutonga. Anayeipita kila juma hahitaji kukumbushwa habari za Daraja la Nithi, ambapo tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Katika barabara ya namna hiyo, usukani unaokueleza tairi zinafanya nini, breki zisizositasita, na gari lisilolala upande linapokata kona si anasa. Subaru lina injini ambayo pistoni zake zimelala ubavu, hivyo uzito wake uko chini, na aina nyingi za Impreza huvutwa na magurudumu yote manne. Mwalimu alipohisi raha hadi Nkubu, alichokihisi ni gari linaloitii mikono yake. Tusichanganye raha hiyo na kasi. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari Rally wa 12 kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika hata lita moja.

Lakini pia tusilewe. Waingereza waliopenda kuendesha magari waliliona Lancia Beta la miaka ya 1970 kuwa kipenzi chao. Likaoza upesi kiasi kwamba mwaka 1980 kampuni ikaanza kuyanunua tena kutoka kwa wateja. Lancia ilikuja kushinda Safari mwaka 1988, 1989 na 1991, na watu wetu waliyashangilia magari hayo yakipita kwa vumbi. Kule Uingereza ushindi huo haukuifaa; jina lilikuwa limekwisha kuharibika, na mwaka 1994 ikafunga virago ikaondoka katika soko lile. Raha ya bodi iliyooza haidumu, na huyeyuka pamoja na fedha.

Liko jambo jingine ambalo sijalisikia likisemwa. Mtu huliosha gari analolipenda. Hulitoa tope chini ya madigadi bila kuambiwa, husikia mlio mgeni siku ya kwanza na si ya arobaini, hubadilisha oili kwa wakati. Gari linalomchosha mwenyewe hungojewa liharibike ndipo likumbukwe. Ndiyo maana nasema raha si adui wa uimara. Mara nyingi ndiyo mlinzi wake.

Basi, Mwalimu, hili ndilo ningelifanya kama mkopo huo ungekuwa wangu. Lile Probox la miraa ningelikagua kwa sababu ya heshima tu, kisha ningelirudisha kwa wenye magunia. Sina ubaya nalo, lakini gari lililokimbizwa Nairobi usiku hadi usiku likiwa na mzigo hadi darini, katika mvua za Nyambene, limeshatoa kilicho bora chake, na bei yake nafuu inakueleza hivyo. Axio ningelikubali kwa karatasi ya mnada iliyo safi na picha za chini, wala si kwa neno la wakala; lina injini ya sentimita za ujazo 1500, ambayo ushuru wake wa bidhaa ni wa kiwango cha chini, na halitakusumbua. Bila karatasi, achana nalo.

Lakini kwanza ningekwenda mjini Meru Jumamosi asubuhi, baada ya mvua, nikiwa na gunia, tochi na sumaku, nikalale chini ya Subaru la daktari. Kama sakafu ni kavu na mbavu zinalia chuma zikigongwa, ningemuuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwani injini zile za zamani huutaka mpya kila kilomita 100,000, nao ukikatika valvu zaweza kupinda. Ningetazama pia kama maji ya radieta yana mafuta au yanapungua bila sababu, dalili ya gasketi iliyochoka. Akiwa na risiti, mpe fedha zake. Akisitasita, gharama ya mkanda na gasketi ipunguzwe katika bei palepale, kabla ya chai.