Nuru na Kiza Katika Picha Moja
Katika miaka ya 1850, Gustave Le Gray wa Ufaransa, alipoona kwamba bamba moja la kioo haliwezi kunasa anga ing'aayo pamoja na bahari yenye kiza, alipiga kila moja kwa kadiri yake ya nuru, kisha akaziunganisha katika karatasi moja. Na hiyo, kwa rai yangu, ndiyo asili tukufu ya fani hii ya kuunganisha picha za nuru mbalimbali. Leo kamera huwekwa juu ya miguu mitatu, tundu la lenzi lisibadilishwe, zikapigwa picha tatu, kwa 1/400, 1/100 na 1/25 ya sekunde; nayo programu, kama Photomatix, au Luminance HDR isiyolipiwa, huchukua mawingu katika ya kwanza na vivuli katika ya mwisho. Tahadhari, ewe msomaji: ukizidisha, mawingu meupe hugeuka masizi, basi rekebisha kwa kiasi.