Mkanda wa Rio: bingwa wa kwanza wa shindano ambalo halikufanyika

Mfanyabiashara anayevusha mzigo Namanga, Busia au Rusumo huulizwa swali lile lile kila safari: bidhaa imetoka wapi, na karatasi iko wapi? Asipokuwa na cheti cha uasili, mzigo unaweza kulala mpakani huku kodi ikihesabiwa upya. Lakini katika mieleka ya kulipwa ya Marekani upo mkanda mmoja ambao umezunguka dunia kwa zaidi ya miaka 40 ukiwa na cheti cha uongo. Wenye mkanda wanajua, na mashabiki nao wanajua.

Ni mkanda wa Bingwa wa Mabara wa kampuni iitwayo leo WWE. Septemba 1979 mashabiki wa kaskazini-mashariki mwa Marekani walitangaziwa kwamba Pat Patterson, aliyekuwa akishikilia mkanda wa Amerika Kaskazini, amesafiri hadi Rio de Janeiro, Brazil. Huko, walielezwa, yamefanyika mashindano makubwa. Patterson amewabwaga wote, ameunganisha mkanda wake na ule wa Amerika Kusini, na sasa ndiye bingwa wa kwanza wa mabara.

Mashindano hayo hayakufanyika. Hakuna ukumbi uliofunguliwa Rio, hakuna tiketi iliyouzwa, wala hakuna mwamuzi aliyehesabu hadi tatu.

Patterson mwenyewe alikuwa mtu wa kweli na mpiganaji hodari. Jina lake la kuzaliwa ni Pierre Clermont, mzaliwa wa Montreal, Canada, mwaka 1941, katika familia kubwa na maskini iliyozungumza Kifaransa. Aliingia mielekani mwaka 1958. Mwaka 1962 alivuka mpaka kwenda kutafuta riziki Marekani, akiwa na Kiingereza cha kuokoteza. Alijijengea jina San Francisco na kwingineko kabla ya kuhamia upande wa New York. Mkanda wa Amerika Kaskazini aliupata kwa kumshinda Ted DiBiase mjini Allentown, Pennsylvania, Juni 1979. Pambano hilo lilikuwa na ulingo, mwamuzi na watazamaji.

Kwa nini basi atungiwe safari ya Brazil?

Jibu liko katika namna biashara ya mieleka ilivyoendeshwa. Tangu mwaka 1948 mapromota wengi wa Marekani walikuwa chini ya umoja ulioitwa NWA. Kila mmoja alikuwa na eneo lake, na haikuwa ruhusa kuingilia soko la mwenzake. Umoja mzima ulikuwa na bingwa mmoja wa dunia, aliyezungushwa eneo baada ya eneo kama mali ya ushirika.

Januari 1963, mjini Toronto, bingwa huyo, Buddy Rogers, alipoteza mkanda kwa Lou Thesz. Mapromota wa upande wa New York, wakiongozwa na Vincent J. McMahon na Toots Mondt, hawakukubali matokeo. Walijitenga na kuanzisha kampuni yao. Soko walikuwa nalo na kumbi walikuwa nazo. Walichokosa ni bingwa, na walimhitaji upesi. Wakatangaza kwamba Rogers ameshinda mashindano ya kumpata bingwa wao wa kwanza. Yalifanyika wapi? Rio de Janeiro. Nayo hayakuwapo.

Kwa hiyo ya mwaka 1979 yalikuwa marudio ya dawa iliyowahi kuponya. Rio ilikuwa mbali na jina lake lilisikika vizuri. Shabiki wa Pennsylvania hakuwa na jirani wa kumuuliza, wala gazeti la Brazil la kufungua asubuhi. Sababu za kibiashara zilikuwepo pia. Bingwa mkuu wakati huo alikuwa Bob Backlund, naye hawezi kuwa katika miji miwili usiku mmoja. Mkanda wa pili ni kama duka la pili: wateja wa mji mwingine nao wanapata kitu cha kununua.

Msomaji anaweza kuuliza: si mieleka yote ya kulipwa hupangwa? Ndiyo, mshindi hujulikana nyuma ya pazia kabla kengele haijalia. Lakini hata pambano lililopangwa lina mambo yasiyoweza kughushiwa. Mtu mwenye uzito wa kilo mia na zaidi anaangushwa kweli juu ya mbao. Mtazamaji ametoa pesa yake, amekaa kitini, na akichoshwa atazomea. Kilichokosekana Rio hakikuwa ushindi wa haki, kwa sababu huo haukuwa ukiuzwa hata Allentown. Kilichokosekana ni mashahidi.

Ndiyo maana tangazo peke yake halikuupa mkanda wowote thamani. Mkanda wa mwaka 1963 ulianza kuheshimika Mei 17 mwaka huo, Bruno Sammartino, mhamiaji kutoka Italia, alipomshinda Rogers kwa sekunde 48 ndani ya Madison Square Garden, New York. Sammartino aliushikilia hadi Januari 1971, akijaza kumbi mwaka baada ya mwaka.

Mkanda wa Patterson ulipita njia hiyo hiyo. Aprili 21, 1980, katika ukumbi huo huo wa New York, alivuliwa na Ken Patera, aliyewahi kuiwakilisha Marekani katika kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya 1972. Kuanzia hapo kila aliyeuvaa aliuongezea kitu. Mwaka 1987 Ricky Steamboat alimvua Randy Savage katika pambano ambalo mashabiki wengi bado wanalitaja miongoni mwa bora kabisa. Agosti 1992 Davey Boy Smith alimvua shemeji yake, Bret Hart, katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya umati uliotangazwa kuwa zaidi ya watu 80,000. Usiku huo mkanda wa pili ndio uliofunga pazia, si ule mkuu.

Afrika nayo imo katika orodha hiyo. Juni 2008 mkanda ulikwenda kwa Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. Lakini wakati huo watangazaji walimtambulisha kuwa ni Mjamaika! Kampuni ilimwandikia uasili mwingine kama ilivyouandikia mkanda wenyewe. Baadaye igizo hilo liliachwa, akaanza kutajwa kuwa mtu wa Ghana. Aprili 2019 alitwaa mkanda mkuu, akawa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika, na mwaka huo huo akaupeleka nyumbani Ghana.

Hapa ndipo hadithi ya mieleka inapoachana na maisha ya mpakani. Mchuuzi mwenye karatasi ya kughushi hapewi miaka 40 ya kuthibitisha ubora wa mzigo wake. Anashushiwa siku hiyo hiyo. Lakini upande mwingine wa jambo hili anaujua vizuri. Mteja wa kwanza huvutwa na maneno. Wa pili na wa kumi huja kwa sababu wa kwanza alifika nyumbani, akafungua gunia na kukuta alichoahidiwa. Patterson na waliomfuata walilipa kwa migongo yao deni la neno lililosemwa bila wao kuulizwa.

Patterson alifariki dunia Desemba 2020 akiwa na umri wa miaka 79. Yeye na kampuni yake walikuwa wameshaligeuza suala la Rio kuwa utani wa hadharani. Hata hivyo, orodha rasmi ya mabingwa haijabadilishwa. Mstari wa kwanza unasomeka Pat Patterson, Rio de Janeiro, Septemba 1, 1979. Wa pili ni Ken Patera, New York, Aprili 21, 1980, na huo una mashahidi.